Mnara wa Simu Ukija Jirani Yako: Nani Hutoa Ruhusa, na Sauti Yako Inaingia Lini?

Mabishano ya minara ya simu hapa Pwani hufuata mtindo mmoja. Asubuhi moja wakaazi wanaona lori limeshusha vyuma na saruji kwenye ploti iliyokuwa tupu. Fundi akiulizwa anasema yeye ametumwa tu. Mwenye ploti hapokei simu. Jioni watu wanakusanyika, mzee wa mtaa anaitwa, MCA anapigiwa, na kila mmoja anasema hakuulizwa. Wiki chache baadaye nguzo imesimama juu ya mapaa ya makuti na mabati, na jibu linalotoka kila afisi ni lile lile: karatasi zote ziko sawa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Makala haya nayaandika kwa ajili ya wale ambao maji yao bado yako mtungini. Mimi si wakili wala mhandisi. Elimu yangu ni ya diploma, na sheria hizi nimezisoma kama ninavyosoma mambo mengine ya umma, kifungu kwa kifungu, nikitafuta mwananchi wa kawaida ametajwa wapi. Nilichokiona ni kwamba mkaazi ana nafasi ya kusikizwa, tena pana kuliko anavyoambiwa barazani. Lakini nafasi hiyo ina siku zake, siku zenyewe ni chache, na kimya mara nyingi kinamfaa mjenzi.

Niseme mapema kwamba siipingi minara. Nenda vijiji vya msitu wa Boni kule Lamu, au pande za ndani za Tana River na Kinango, uone mtu anavyopanda kichuguu kutafuta netiweki ya kumpigia daktari. Mvuvi anayetoka wakati wa kusi anahitaji onyo la hali ya hewa limfikie kabla hajavuka mwamba. Mama muuza mahamri anapokea malipo yake kwa M-Pesa. Na watu wa Lamu na Garissa wanajua vizuri ilivyo wapiganaji wa al-Shabaab wanapolipua mnara: siku hiyo hata polisi huwezi kuwapigia. Mnara ni haja ya umma. Suala ni usimame wapi, na aliyeruhusu ni nani.

Serikali mbili, kazi mbili

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Mawasiliano ya simu yaliwekwa upande wa taifa. Ndiyo maana Mamlaka ya Mawasiliano, CA, ndiyo inayotoa leseni kwa makampuni na kugawa masafa ya redio, chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 1998. Leseni hiyo inampa mtu ruhusa ya kufanya biashara ya mawasiliano nchini. Haimpi ruhusa ya kuchimba msingi kwenye ploti fulani ya Bamburi.

Upangaji na uendelezaji wa ardhi uliwekwa upande wa kaunti. Kwa hivyo mnara ukitaka kusimama Likoni, Mtwapa, Msambweni au Mpeketoni, lazima upitie afisi ya mipango ya kaunti husika. Jedwali hilo hilo linaipa kaunti jukumu la kuhakikisha jamii zinashiriki katika utawala wa mashinani. Kaunti ikisema "hayo ni mambo ya Nairobi", inajivua kazi iliyopewa na Katiba.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Anayejenga mnara siku hizi si lazima awe kampuni ya simu unayoijua. Kuna makampuni ambayo biashara yao ni minara tu: wanakodi ardhi, wanasimamisha nguzo, kisha wanakodisha nafasi kwa kampuni moja, mbili au tatu za simu. Ukienda kulalamika kwenye duka la kampuni ya simu, utaambiwa mnara si wao, na huenda ni kweli. Jina unalolitafuta ni lile lililo kwenye maombi ya kibali.

Biashara hiyo ina faida moja kwetu. Mnara mmoja unaweza kubeba antena za kampuni zaidi ya moja. Kwa hivyo swali la kwanza ambalo afisa wa mipango anapaswa kuulizwa ni hili: je, hakuna mnara karibu ambao ungeweza kubeba antena hizi bila kusimamisha mwingine?

Karatasi zinazotakiwa

Ya kwanza ni kibali cha ujenzi kutoka kaunti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua mahali pa ile ya 1996, inasema katika kifungu cha 57 kwamba hakuna mtu atakayeendeleza ardhi ndani ya kaunti bila kibali cha waziri wa kaunti anayehusika. Anayeanza bila kibali anatenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kaunti pia inatakiwa kumwamuru airudishe ardhi ilivyokuwa, ndani ya siku 90.

Kifungu cha 58 ndicho kinachokuhusu wewe jirani. Mwombaji anatakiwa kuujulisha umma kuhusu mradi wake, na tangazo hilo liwaalike wananchi wapeleke pingamizi zao kwa waziri wa kaunti. Kwa desturi tangazo huwa bango kwenye ploti au ilani gazetini. Bango la namna hiyo ni mlango wako wa kuingilia. Tatizo ni kwamba mara nyingi limeandikwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, na limefungwa kwenye mti ambao mbuzi ndio wanaopita karibu nao zaidi ya watu.

Karatasi ya pili ni ya mazingira. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 1999, minara ya mawasiliano inahitaji kutathminiwa athari zake na kupata leseni ya NEMA kabla ya ujenzi kuanza. Mwenye mradi hukodi mtaalamu aliyesajiliwa, naye huandika ripoti na kukusanya maoni ya majirani. Hapa ndipo panapoharibika mambo mengi. Kijana anapita nyumba kwa nyumba na fomu. Anauliza jina, namba ya kitambulisho na sahihi, na wengine hudhani ni orodha ya msaada au ya kazi. Fomu hiyo baadaye inaambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba majirani waliulizwa wakakubali. Usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa kwa lugha unayoielewa. Kama unapinga, andika kwa mkono wako "napinga", taja sababu, kisha ipige picha fomu kabla haijaondoka mlangoni pako.

Ya tatu inatoka Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, ambayo hukagua urefu wa nguzo kwa usalama wa ndege. Kwetu hili si dogo, kwa sababu tuna viwanja vya Moi kule Mombasa, Malindi, Ukunda na Manda, na ndege ndogo hupita chini kuelekea vyote hivyo. Rangi nyekundu na nyeupe na taa nyekundu unazoziona juu ya minara zipo kwa ajili ya rubani. Taa ikizimika wiki nzima, hilo ni jambo la kuripotiwa.

Ya nne inahusu maeneo ya kale. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Turathi za Dunia tangu 2001, misitu ya kaya za Mijikenda tangu 2008, na Fort Jesus tangu 2011. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inalinda maeneo yaliyotangazwa rasmi, kwa hivyo Makavazi ya Kitaifa yana neno lao pale. Antena juu ya paa la nyumba ya mawe Lamu au kwenye Mji wa Kale wa Mombasa, au nguzo pembeni mwa kaya, si sawa na nguzo kwenye shamba la mkonge.

Sasa taja zile karatasi ambazo si kibali, maana hizo ndizo tunazoonyeshwa mara kwa mara. Barua ya chifu si kibali. Sahihi ya mzee wa mtaa si kibali. MCA hana mamlaka ya kuruhusu ujenzi, hata akisimama mbele ya watu na kusema ameruhusu. Na risiti ya ada za kaunti, zile zinazotozwa minara kila mwaka chini ya sheria ya fedha ya kaunti, inathibitisha kwamba pesa zimelipwa. Haithibitishi kwamba mahali palikaguliwa.

Ardhi yetu ina mambo yake

Sheria hizi zimeandikwa kana kwamba kila ploti ina mwenyewe mmoja, aliye hai, mwenye hatimiliki mkononi. Wasomaji wangu mnajua Pwani haiko hivyo.

Kuna ardhi ya mirathi. Hati bado ina jina la babu aliyefariki miaka 30 iliyopita, warithi ni 20, na mmoja wao anayeishi karibu ndiye aliyetia sahihi ya kukodisha. Kodi ya mnara hulipwa kwa miaka mingi, na ndugu wengine wanakuja kujua baadaye. Mrithi mmoja hana haki ya kuifunga ardhi ya wote kwa mkataba mrefu kabla mirathi haijapitia mahakama na msimamizi akateuliwa. Kwa familia za Kiislamu, Mahakama ya Kadhi ipo kwa kazi hiyo, na kugawana mapema kunaondoa ugomvi mwingi kuliko mnara wenyewe.

Kuna ardhi ya wakfu. Msikiti au madrasa ina kiwanja, kampuni inakuja na ahadi ya kodi ya kila mwezi, na kamati inaona riziki imeingia. Huenda ni riziki kweli: kodi hiyo inaweza kulipa maji, umeme na mishahara ya walimu. Lakini wakfu ni amana. Mutawalli ni msimamizi, si mwenye mali, na sharti la aliyeweka wakfu lazima liangaliwe. Kabla ya sahihi yoyote, kamati iende Tume ya Wakfu, mkataba usomwe mbele ya waumini, na iandikwe wazi pesa zitaingia akaunti gani na zitatumika kwa nini. Na hata kama mnara unauletea msikiti pesa, haki ya jirani haifutiki. Jirani wa msikiti ana haki ya kuulizwa kama jirani wa ploti nyingine yoyote.

Kuna ardhi ya jamii, hasa Tana River, Lamu na sehemu za Kwale na Kilifi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema, katika kifungu cha 36, kwamba mkataba na mwekezaji hauna nguvu mpaka uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii katika mkutano ulioitwa kwa shughuli hiyo. Wazee watatu waliokaa hotelini na wakala hawafikii idadi hiyo.

Kisha tuna wale wanaoitwa maskwota, waliozaliwa kwenye ardhi ambayo hati yake iko kwa bwenyenye asiyewahi kuishi hapo. Hawa ndio wanaonyamazishwa haraka zaidi: "Wewe huna hata hati, unapinga nini?" Jibu liko kwenye Katiba. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, wala hakisemi kila mwenye hatimiliki. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa, na kinasema waziwazi kwamba halazimiki kuthibitisha kuna mtu aliyepata hasara au madhara. Kukosa hati kunakunyima kodi ya mnara. Hakukunyimi sauti kuhusu mnara.

Hesabu ya siku

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu kesi nyingi hupotea kwenye kalenda kabla hazijafika kwenye hoja.

Siku 60 za kwanza ni za kaunti. Kifungu cha 58 cha sheria ya 2019 kinasema mwombaji asiyepata jibu la maandishi ndani ya siku 60 atachukuliwa kuwa amepewa kibali. Nia ya kifungu hiki ni nzuri: kumzuia afisa mvivu, au anayengoja chai, asikalie faili la mtu. Lakini faili la mnara likikaa mezani miezi miwili bila kuguswa, mjenzi anaweza kudai ana kibali. Pingamizi lako la maandishi, lililopigwa muhuri wa kupokelewa, ndilo linalomfanya afisa ashindwe kunyamaza.

Siku 14 ni zako. Kibali kikitolewa na hukuridhika, wewe kama mtu mwenye maslahi unaweza kukata rufaa kwa Kamati ya Upatanishi ya Mipango ya Ardhi ya kaunti ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Kamati nayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 14. Usiporidhika, unakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwetu ziko miji kadhaa, ikiwemo Mombasa, Malindi na Kwale. Uliza kaunti yako kama kamati hiyo imeteuliwa na inakaa. Isipokuwepo, hilo lenyewe ni jambo la kuuliza kwenye bunge la kaunti.

Siku 60 za pili ni za NEMA. Leseni ya mazingira ikitolewa, rufaa huenda kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira, NET, ndani ya siku 60. Mawakili hubishana sana kuhusu siku hizo zinaanza kuhesabiwa lini kwa jirani ambaye hakuarifiwa. Kwa hivyo andika tarehe uliyouona mradi kwa mara ya kwanza, na ufanye haraka.

Siku 21 ni za afisa unayemwomba habari. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 vinakupa haki ya kuomba nakala ya maombi, ripoti ya mazingira na kibali. Sheria inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa hivyo usikubali kurudishwa kwa sababu ya lugha. Afisa ana siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Akikataa, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki za Utawala.

Sasa weka hesabu hizo pamoja. Afisa ana siku 21 za kukupa karatasi, na wewe una siku 14 za kukata rufaa dhidi ya karatasi hiyo hiyo. Ukisubiri majibu ndipo upinge, siku zako zimekwisha. Kwa hivyo fanya yote kwa pamoja: peleka pingamizi leo kwa yale unayoyajua, omba nakala leo, kisha ongeza hoja nakala zikija.

Mionzi: tuseme ukweli

Kwenye mabaraza mengi neno la kwanza ni saratani. Naelewa hofu hiyo, lakini hofu isiyopangwa huharibu kesi nzuri.

Mawimbi ya simu ni ya redio. Si kama eksirei, hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kwa namna ile. Mwaka 2011, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani lakini ushahidi wake ni mdogo. Ushahidi uliotumika ulihusu zaidi watu wanaoweka simu sikioni kwa muda mrefu kuliko wanaoishi karibu na mnara. Kundi hilo hilo lina achari za mboga za Asia na dondoo la majani ya mshubiri. Kuna viwango vya kimataifa vya usalama, vilivyowekwa na tume ya wataalamu iitwayo ICNIRP na kusasishwa mwaka 2020, na vipimo vya ardhini karibu na minara kwa kawaida huwa chini sana ya viwango hivyo.

Sababu moja ni jinsi antena inavyofanya kazi. Fikiria mnara wa taa wa Ras Serani: mwanga wake umeelekezwa mbali, baharini, na aliyesimama chini kwenye msingi haupati kwa ukali ule. Antena nayo hutuma mawimbi mbele, na nguvu yake hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali. Hatari ya kweli iko kwa mtu anayekaa mbele kabisa ya antena, kwa karibu. Hilo ni la kuangaliwa kwenye magorofa ya Mombasa ambako antena ziko juu ya paa lile lile wanaloanikia nguo wapangaji, na watoto wanapanda kurusha tiara. Hapo uliza: pamezungushwa uzio? Kuna onyo lililoandikwa Kiswahili? Mlango wa paa unafungwa, na ufunguo uko kwa nani?

Hoja zilizo imara zaidi ni zile zinazopimika. Jenereta inayonguruma usiku ni mojawapo. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka desibeli 35 kuwa kikomo cha usiku katika makaazi, na jenereta karibu na dirisha la chumba cha kulala hupita hapo kwa urahisi. Mafuta ya dizeli yakivuja karibu na kisima ni hoja, maana huku kwetu wengi bado tunateka. Nguzo ikianguka kwa upepo itaangukia nani: ndani ya ploti, au juu ya darasa la madrasa? Udongo umepimwa? Njia ya lori la mafuta inapita uwanja wa watoto? Hoja kama hizi afisa hawezi kuziita uvumi.

Na kama utaratibu haukufuatwa, hiyo ni hoja yenye uzito wa pekee. Mwaka 2015 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Nakuru ilieleza kwamba pale ambapo sheria imeweka utaratibu wa kulinda mazingira na utaratibu huo haukufuatwa, mahakama inafaa kuchukulia kuwa mradi huo unavunja haki ya mazingira safi. Kwa hivyo "hatukuulizwa", ikithibitishwa, si malalamiko ya barazani tu.

Barua ya ukurasa mmoja

Huhitaji wakili kuanza. Andika barua kwa waziri wa kaunti anayesimamia ardhi na mipango, na nakala kwa afisi ya NEMA ya kaunti. Taja mahali kwa alama zinazojulikana: nyuma ya shule fulani, kando ya kisima fulani. Taja wewe ni nani na unaishi umbali gani, hata kama ni kwa hatua. Eleza hoja zako tatu au nne zinazopimika. Omba nakala za maombi, ripoti na kibali. Omba ukaguzi wa mahali ukiwepo wewe na majirani. Pendekeza mahali pengine kama papo, kwa sababu afisa humsikiliza zaidi mtu anayeleta njia kuliko anayeleta kelele peke yake. Tieni sahihi wengi, kila mtu na namba yake ya simu. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri na tarehe, urudi nayo nyumbani. Uamuzi ukienda kinyume nanyi, ombeni sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinawapa haki hiyo.

Msiuguse mnara wala vifaa vyake. Anayekata nyaya au kuiba betri za mnara anawanyima majirani netiweki, na anawapa wenye mradi sababu ya kuwageuza walalamikaji kuwa washtakiwa.

Yaliyo mikononi mwa kaunti

Kaunti zetu sita za Pwani zinapokea ada za minara hii. Nazo zinaweza kufanya mambo matatu bila kungoja sheria mpya kutoka Nairobi. Kwanza, kila bango la maombi liandikwe Kiswahili, kwa herufi kubwa, likae kwenye njia wapitayo watu, na litaje tarehe ya mwisho ya pingamizi. Pili, tangazo lisomwe pale watu walipo: misikitini baada ya sala ya Ijumaa, makanisani Jumapili, kwenye redio za hapa kwetu, na bandarini kwa wavuvi. Tatu, kila kaunti iweke wazi orodha ya minara iliyopo, nani anaimiliki, na kibali chake kilitolewa lini. Orodha hiyo peke yake ingeonyesha mitaa iliyorundikiwa nguzo nne na vijiji visivyo na hata moja.

Makampuni nayo yangefaidika. Mnara uliozungumzwa mapema hausimamishwi na maandamano katikati ya ujenzi, wala hauburutwi kortini miaka mitatu. Mara nyingi kusogeza msingi mita 50, au kutumia sola na betri badala ya jenereta usiku, kunamaliza ugomvi ambao ungegharimu mamilioni.

Wewe msomaji, kazi yako ni ndogo lakini ina saa yake. Ukiona bango kwenye ploti ya jirani, lipige picha siku hiyo hiyo, andika tarehe nyuma ya daftari la mtoto wa shule ikibidi, na kesho yake asubuhi uwe kwenye afisi ya mipango na barua mkononi.